Arobaini ni Kamati

Juzi kwenye treni, tulipotoka tu Lidcombe, binti aliyeketi mbele yangu alikuwa akimwonyesha mama yake picha za jumba atakalofungia harusi, huko mashambani Italia. Mama, bado amevaa sare ya unesi, aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka akaufikia ukuta.

"Rangi imebambuka."

"Mum, hilo jumba lina miaka mia nne."

"Na hawajapata fundi?"

Binti akavuta pumzi, akaeleza kwamba pale wanaruhusu wageni arobaini tu. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishiwa mikono kabla ya kumaliza mashangazi.

"Arobaini ni kamati," akasema. "Mimi nauliza harusi."

"Halafu hawataki kelele. Kuta zimechoka."

"Kelele gani?"

"Kama vile… vigelegele."

Mama akaifuta simu kwa kiganja, akamrudishia.

"Nyumba inayoogopa vigelegele, itaiweza ndoa?"

Nilishuka Seven Hills nikiwaonea huruma wenye jumba. Limestahimili vita vyote vya miaka mia nne, lakini bado halijakutana na mashangazi walionyimwa kadi.