Mafuriko Yangu ya Kivukoni

Bado nina hasira, na msinipoze. Mimi ni injinia, natengeneza vifaa vya kupima kina cha mto ili watu wasisombwe na mafuriko. Kifaa changu cha kwanza kilikaa ndani ya maji; namba ikipanda, mto unajaa. Cha pili nilikining'iniza chini ya daraja la Kivukoni.

Juzi, nikiwa ofisini Ifakara, simu ikanionyesha mita tatu, kisha nne, kisha tano. Nikakodi bodaboda mbio hadi mtoni. Nikawakuta wavuvi wanashona nyavu zao, hakuna hata aliyeshtuka.

"Hameni, maji yanapanda," nikawafokea. "Tunawahangaikia, nyie mnadharau utaalamu."

Mama Salome, muuza samaki, alikuwa anaanika perege. Kwa jazba niliyokuwa nayo hata shikamoo sikumpa. Akautazama mtumbwi uliokwama kwenye tope, kisha kifaa changu kule juu.

"Mwanangu, kile kinapima kuanzia wapi?"

"Kinaanzia darajani, kinashuka hadi maji yalipo..."

Nikaziangalia tena zile mita tano kwenye simu. Maji yakipungua, umbali huo ndio unaoongezeka.

"Marahaba," akasema Mama Salome, akaendelea kugeuza samaki wake.