Majani Mabovu ya Bi Mwanaheri

Ukitaka kumjua Bi Mwanaheri wa Kwai, mpelekee habari kwamba kesho unakwenda kwake. Atafagia uwanja, atafagia njia mpaka barabarani, ataosha hata sufuria ambazo hutaziona, na ukifika utamkuta amejifunga kanga mpya, anakuuliza mbona umechelewa. Mimi naitwa Janeth, mzaliwa wa Lushoto, na mama huyu nusura anitoe roho.

Nilisoma kompyuta Dar es Salaam miaka mitatu. Zamani aliyesoma hivyo hakurudi milimani, arudi afanye nini? Siku hizi mji wetu nao una mambo. Kuna vijana wanaowatafutia wakulima wanunuzi wa mboga kwa simu, kuna wengine wanaofuatilia maziwa kwa kompyuta tangu zizini, na juu ya duka la vifaa vya ujenzi tupo sisi, watu wanane, wote wa huku huku. Tunatengeneza programu ya simu: mkulima anapiga picha ya jani la kiazi, simu inamwambia kama ni zima au lina ugonjwa. Ili simu ijue hayo, sharti kwanza ioneshwe majani mabovu, tena maelfu. Hapo ndipo alipoingia Bi Mwanaheri.

Ana miaka sitini na moja. Aliolewa Kwai akitokea Soni, akafiwa na mume watoto wanne wakiwa wadogo, akawalea kwa viazi na kabichi bila kumpigia mtu hodi. Hilo la hodi hulisema mwenyewe, halimchoshi. Wakulima wenzake thelathini walimchagua awe katibu wa kikundi, nasi tukampa simu ya ofisi. Kupiga picha alijifunza kwa asubuhi moja. Nikafurahi, mjinga mimi.

Wiki ya kwanza alituma picha mia mbili. Majani ya kijani, yanang'aa, hayana hata doa. Alikuwa ameyaosha! Katika picha nyingine beseni lenyewe linaonekana. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeziona?"

"Nimeziona mama, nzuri. Ila sisi tunataka majani mabaya."

"Mabaya ya nini?"

"Yenye ukungu. Yaliyooza."

"Hizo picha si zinakwenda kwa watu?"

"Zinakwenda kwenye kompyuta, mama."

"Na hiyo kompyuta anaitazama nani?"

Nilieleza mpaka koo likanikauka. Wiki ya pili zikaja mia tatu, safi kuliko zile za kwanza. Nilipanda Kwai mara nne, mvua ikininyeshea. Kila nikifika nakuta chai, maandazi, na ngazi za juu za shamba lake la mteremkoni zilizopaliliwa hata ungeweza kutandika mkeka ukalala. Za chini hakunifikisha, alisema kuna utelezi. Mtu mzima hafokewi, kwa hiyo hasira niliimeza pamoja na maandazi.

Majani mabovu tuliyapata kwa wanakikundi wengine, na programu ikakamilika. Ndipo mkuu wetu, Alen, akapata habari kwamba wafadhili wanakuja kuiona ikifanya kazi shambani. Wakiridhika, ofisi inabaki Lushoto. Wasiporidhika, kazi inahamia Arusha na sisi wanane kila mtu ajue pa kwenda. Na kwa heshima ya kikundi, wageni wapelekwe wapi kama si kwa katibu?

Nilikwenda kumbembeleza. "Mama, nakuomba, safari hii usisafishe kitu. Miche yenye ukungu iache kama ilivyo."

"Nimesikia," akasema.

Alisema amesikia. Hakusema sawa, nami sikuliona hilo.

Siku ilipofika tulikuta uwanja umefagiliwa, na shamba nalo kama limefagiliwa. Ngazi za chini hazikuwa na mche hata mmoja, udongo mtupu. "Kule nimepumzisha ardhi," akasema kabla sijauliza. Alen akaelekeza simu kwenye jani la kwanza. Zima, ikasema simu. La pili, zima. La kumi, zima. Mgeni mmoja akatazama saa yake.

"Sasa tutajuaje," akauliza, "kama inajua kusema neno jingine?"

Nilimvuta Bi Mwanaheri jikoni, na adabu yote ikanitoka. "Mama, umenimaliza! Watu wanane tunakosa kazi, tunahama kwetu, kwa sababu ya usafi wako!"

Alinitazama, akakaza kanga kiunoni, akachukua jembe. Akapita mbele ya wageni, akaenda nyuma ya nyumba penye migomba, akaanza kufukua. Tukamfuata. Harufu ilitufikia kwanza. Lilikuwa handaki refu, limejaa miche ya viazi iliyokuwa myeusi, na viazi vyenyewe vimelainika kama uji. Nusu ya shamba lake ilikuwa mle, chakula cha nyumba na mbegu ya msimu ujao. Alikuwa ameing'oa na kuizika peke yake, na mara zote nne alinikaribisha chai bila kutamka neno. Niliona aibu.

Alen akainama na simu. Ukungu, ikasema. Jani jingine, ukungu.

"Safi sana!" akasema yule mgeni wa saa, na wenzake wakapiga makofi. Mmoja akamwomba Bi Mwanaheri ashike mche uliooza, asogee kwenye mwanga, atabasamu kidogo. Akaushika. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani wanatazama.

Mgeni mkubwa akampa Alen mkono, akasema ofisi ibaki hapa hapa. Walipokwenda kunawa nilimsogelea mama, nikamwambia tu hongea, asante ya Kishambaa.

"Mmepata mlichotaka?"

"Tumepata, mama."

"Na kazi yako ipo?"

"Ipo."

Akanipa jembe. "Basi fukia, mwanangu, kabla hawajaja wengine."