Maua Yaliyongoja Kivuko

“Nichome mafuta niende kuangalia majani?”

“Maua, Venant.”

“Majani yaliyopakwa rangi! Mbuzi akiyaona anakula, wewe ukiyaona unataka upelekwe kwa gari!”

Hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwao Pasiansi, na aliyekuwa anafoka ni kaka yangu, tumbo moja. Mkewe, wifi yangu Justa, alishavaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, ameketi kiti cha mbele cha gari la mtoto wao Nathaniel, mlango ameufunga. Mtu wa namna hiyo humshindi kwa maneno. Mimi nilijipakia kiti cha nyuma, maana bila shahidi kaka yangu hubadilisha habari.

Justa amezaliwa kilimani, ng'ambo ya maji, mbele ya Sengerema. Huko mvua za Novemba zikianguka, porini hutoka maua mekundu ya mviringo, makubwa kama ngumi mbili, hayakupandwa na mtu. Hukaa wiki mbili, yakaisha. Venant alipomchumbia aliahidi kumpeleka kuyaona kila mwaka. Aha! Mwaka wa kwanza, zamu. Wa pili, zamu. Wa thelathini, bwana mkubwa bado yuko zamu. Kwao Justa amekwenda, ndiyo, misibani, ila misiba haikuchagua Novemba. Venant akastaafu. Tukashangilia. Mwaka huohuo akaugua mgongo.

Tuseme ukweli, zamu alikuwa nazo. Alipanga magari kivukoni Kigongo. Wenzake waliendesha kivuko, kaka yangu aliendesha mkono wake: “Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Hapo hapo!” Malori yalimtii, akaamini dunia nzima itamtii. Hadi leo wageni wakija nyumbani anawapanga kwenye viti, mnene huku, mwembamba kule, ili nyumba isielemee upande. Daraja lilipofunguliwa hapo, kivuko kikaondolewa, naye akaapa hatalikanyaga. Eti linatisha. Mtu aliyefanya kazi juu ya maji tangu ujana!

Basi, tukatoka. Igogo tumepita ananung'unika, Usagara ananung'unika. Tukafika Kigongo. Mbele yetu daraja hilo, refu, pana, hata kipofu angeambiwa na upepo wake. Kaka yangu akawasha taa ya kushoto, akateremka taratibu barabara ya zamani hadi gatini, akasimamisha gari sawasawa kwenye mstari, akazima injini, akashusha kioo. Kisha akakunja mikono.

Pale hapakuwa na mtu. Wauza sangara wa kukaanga walishahama, na mbwa wao pia. Maji yanapiga zege, yanarudi, yanapiga tena.

Nikavumilia dakika tano nzima. Kwangu mimi hizo ni nyingi.

“Kaka, tunangoja nini?”

“Foleni.”

“Foleni ya nani?”

Akatazama mbele. Akatazama kwenye kioo, nyuma. Ndipo akajua alipo. Nikafungua mdomo nicheke, nikaona shingo yake ilivyoinama, nikaona nisicheke. Nikacheka kidogo.

“Turudi nyumbani,” akasema kwa sauti ndogo. “Maua yatatoka tena mwakani.”

Justa akafungua mlango, akashuka, akaweka mkoba kwapani, akaanza kupanda kwa miguu kuelekea darajani. Daraja la kilomita tatu, na viatu vya kisigino.

“Justa! Unakwenda wapi?”

“Kuangalia majani.”

Venant akageuza gari, akamfuata nyuma polepole kama anasindikiza maiti, kichwa nje ya dirisha. “Panda, mama Nathaniel! Watu wanatuangalia!”

“Waangalie. Mimi sijaona anayetuangalia, naona anayelikimbia daraja.”

“Nitavuka! Panda!”

“Apa.”

“Mbele ya huyu dada yangu mwenye mdomo?”

“Ndiyo maana nimekubali aje.”

Akaapa. Justa akapanda. Tukafika mwanzo wa daraja, kaka yangu akasimama tena, mikono imeganda kwenye usukani. Basi moja nyuma yetu likapiga honi, likapiga nyingine. Kondakta akatoa kichwa: “Mzee, unapita au unapiga picha?” Madereva wote aliowafokea miaka ile, leo wamelipiziwa kisasi na kijana wa basi. Akapita. Mara tukawa Busisi, ng'ambo.

“Ndiyo hilo tu?” akauliza, amenuna kama mtu aliyepunjwa.

Kilimani tulikuta nusu imelimwa mihogo. Justa akashika kiuno, nikaogopa. Lakini akazunguka nyuma ya mawe, pale jembe lisipofika, tukasikia anacheka peke yake. Yalikuwepo. Mekundu, mekundu, hadi chini bondeni. Akapita katikati yake akishika pindo la kitenge, anagusa hili, anagusa lile, kama mtu anayesalimia watoto wa ndugu.

Venant akainama, akanusa moja.

“Hayana harufu.”

“Hukuletwa kunusa,” nikamwambia.

Akazunguka, akarudi, akasimama mbele ya mkewe na ufunguo mkononi. “Basi, mama Nathaniel. Miaka thelathini. Bado unanidai?”

Justa alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, mpaka nikaona huruma, mimi.

“Sikudai,” akasema.

“Haya, twende, jua linashuka.”

“Nimesema sikudai. Sijasema nimetosheka. Kaa chini.”

Akakaa. Chini kabisa, kwenye majani, na suruali yake ya pasi.