Sikuweka Frii

Shangazi aliponunua gari la umeme na kulileta Shanwe, mtaa mzima ulijua dereva atakuwa mzee jirani yetu, aliyeendesha malori miaka mingi. Mimi nami niliitaka kazi hiyo. Nilimwambia shangazi peke yake.

"Basi twende Katumba kuchukua mahindi," akasema. "Mzee aendeshe kwenda, wewe kurudi. Nitaona nani analiweza."

Mzee alilikanyaga kama lori lenye shehena. Kila tuta alifunga breki kwa nguvu, kila mteremko aliweka frii, akalitoa gari kwenye gia, likaserereka. Ndivyo alivyobana dizeli maisha yake yote. Tulifika chaji ikiwa chini ya nusu, na kule hatukuwa na pa kuchajia.

"Betri imechoka," akasema tulipokwisha kupakia mahindi. "Mpe dogo sasa, tukasukume."

Kijana aliyemletea shangazi gari kutoka Dar alikuwa amenizungusha nalo siku mbili, na muda wote nilitazama mshale wa dashibodi. Ukikanyaga, mshale unakwenda upande wa kula chaji. Ukiinua mguu gari likiwa kwenye gia, linajishika lenyewe na mshale unahamia upande wa kijani: magurudumu yanazungusha mota, betri inalishwa. Ukiweka frii, mshale unalala katikati. Hupati kitu.

Mteremko wa kwanza tu mzee akafoka, "Frii, dogo! Unamaliza chaji!"

"Hapana, mzee."

"Nimeteremka milima wewe hujazaliwa!"

"Kwa lori, mzee. Hili si lori."

Akanyoosha mkono kwenye gia. Nikaufunika kwa wangu.

"Toa mkono, mzee. Anayeendesha ni mimi."

Sauti ilinitoka kubwa mpaka nikashtuka. Sikuomba radhi, na leo pia siombi.

Bodaboda ikatupita. "Mmebeba maiti?" akauliza mwendeshaji. Sikumfukuza. Nilipoona tuta kwa mbali niliinua mguu mapema, gari likapoa lenyewe bila breki. Kasokola tukaipita. Shanwe tukaingia na kijiti kimoja cha chaji, na hakuna aliyesukuma.

"Umebahatisha," mzee akasema.

Nikampa shangazi ufunguo. Hakuupokea. "Kaa nao," akasema.

Mzee akashuka, akabamiza mlango. "Kijana ana kiburi huyu! Siku litakapokuzimikia njiani, usiniite."

"Sitakuita, mzee," nikamwambia. "Ila ukitaka kujifunza, njoo asubuhi."