Kofia Yake

Mama yangu aliuza mitumba sokoni Bwera maisha yangu yote. Alivuka mpaka kutoka Butembo akiwa na mimba yangu na belo moja la nguo za watoto, na jambo aliloliamini siku hiyo aliliamini mpaka mwisho: hakuna uchafu usiotoka kwa maji ya moto, sabuni na mkono usiochoka. Kila alipofungua belo, nguo yenye doa aliipeleka nyumbani, akaifua, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa. Wateja wake wa Mahango, kule juu kwenye baridi, walikuja kwa ajili ya masweta na kofia za sufu. Hakuna aliyeuliza nani alizivaa kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu ndugu zangu wanapenda kusema mama alikufa kwa kutojua. Neno hilo linanichefua. Mama alijua alichochagua, na waliomfikisha kwenye kuchagua walikuwa wasomi.

Ugonjwa ulianza na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kisha mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, kisha macho yakawa njano. Nilimleta kwangu Kasese, upande wa Bulembia, tukapiga picha ya tumbo, tukaambiwa jiwe limetoka kwenye mfuko wa nyongo na kukwama ndani ya mrija. Pale tulipopimwa hawakuweza kulitoa. Tukatumwa kwenye hospitali kubwa, mbali sana na kwetu, ambayo sina hamu ya kuitaja.

Daktari wa huko alikuwa mtu mwenye subira. Alituonyesha vyombo viwili, mipira mirefu myeusi yenye kamera, vikining'inia kabatini kama mikanda. Chombo kinapita mdomoni, alisema, kinashuka tumboni, kinafika pale nyongo inapomwagikia, na kule nchani kuna kijiko kidogo kinachoinua waya wa kuvutia jiwe. Tatizo lilikuwa hicho kijiko. Kwenye chombo cha zamani kimejengwa humo humo, na nyuma yake kuna vipenyo ambavyo brashi haifiki vizuri. Wanakisugua, wanakiloweka kwenye dawa, wanakikausha, na bado mara nyingine vijidudu vya mgonjwa wa jana vinabaki vikimsubiri wa leo. Chombo kipya ncha yake inavuliwa. Kijiko kimo kwenye kifuniko cha plastiki, kinatumika kwa mtu mmoja kisha kinatupwa, na mahali kilipokaa panabaki wazi kwa brashi.

Alisema kwa Kiingereza, nikamtafsiria mama. Kile cha plastiki yeye alikiita "cap", mimi nikakiita kifuniko. Mama alisikiliza akiwa ameegemeza shavu mkononi.

"Na ule mupira wote? Nao banatupa?"

Nikamwambia hapana, mpira unaoshwa na kurudi kazini.

"Basi banatupa kola, banabakisha shati."

Nilipomtafsiria daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema ni kweli kabisa, ndivyo ilivyo, na kwamba hata hicho kipya hakiondoi hatari yote, kinaipunguza tu. Lakini kama mgonjwa angekuwa mama yake angechagua cha kuvua ncha. Tukakubaliana na hicho. Tukaambiwa tutapigiwa simu siku ikipangwa.

Simu ilikuja tukiwa Bwera. Mama alikuwa na tabia ya kuweka sauti kubwa hadi mstari mzima wa soko unajua habari zake. Aliyepiga alikuwa muuguzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha askari, cha kuamrisha. Mama alimsikiliza kidogo, akanipa simu. "Ongea naye wewe. Huyu mama iko nasema kama mulitere."

"Wewe ni mtoto yake? Sikiliza. Kuja na mama Jumatatu asubuhi. Asikule kitu. Kuja na glavu, kuja na pamba, kuja na kofia yake. Hakuna kofia, hakuna kazi."

"Kofia yake," nikasema.

"Ndiyo, yake. Usisahau."

Anayeishi kwetu anajua kwamba mgonjwa hufika hospitali na vitu vyake. Glavu unaleta, pamba unaleta, mama mjamzito analeta hata karatasi ya plastiki ya kulalia. Na chumba cha upasuaji watu huvaa kofia. Kwa hiyo mimi nilisikia kofia ya mama, mama alisikia kofia ya mama, na muuza nyanya wa meza ya pili naye alisikia kofia ya mama. Nimeshauriwa nijilaumu. Sijilaumu hata kidogo. Kama yule muuguzi alitaka kusema kile kifuniko cha chombo, kwamba akiba yao imeisha na mgonjwa akitafute mwenyewe dukani, alikuwa na mdomo wa kusema hivyo.

Mama alifungua belo la kofia akachambua nusu siku. Akaipata moja ya sufu, rangi ya damu ya mzee, haijatoka hata uzi. Akaifua mara mbili, akaikausha kivulini isififie, akaifunga kwenye mfuko safi.

Jumatatu yule muuguzi alipotuona aliangalia glavu, akaangalia pamba. "Kofia iko wapi?"

Mama akatoa mfuko, akaukunjua, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Hii hapa, madamu. Niliifua muzuri."

Muuguzi alicheka. Alimwita mwenzake aje kuona, wakacheka pamoja, na mama akacheka nao kwa adabu bila kujua anacheka nini. Nimesamehe mambo mengi katika shughuli hii. Kicheko kile sijakisamehe.

Daktari alipokuja ndipo tulipoelewa. Kifuniko hakikuwapo, duka la dawa la karibu halikuwa nacho, na kukiagiza kungechukua wiki kadhaa. Fundi wa kuosha vyombo akasema kipo kimoja kilichotumika Ijumaa, kinaweza kuchemshwa. Daktari akamkatalia kwa ukali: kimetengenezwa kwa mtu mmoja, kikichemshwa kinapinda, na kijiko kinaweza kung'oka ndani ya mtu. Basi yakabaki mawili. Kumrudisha mama nyumbani na jiwe lake angoje, au kutumia chombo cha zamani, kile cha kuoshwa, siku hiyo hiyo. Usiku uliotangulia mama alikuwa ametetemeka kwa homa. Daktari alisema nyongo iliyoziba ikioza, mtu hasubiri wiki.

Nikamweleza yote, polepole, na safari hii nikakiita kwa kila jina nililoweza, kifuniko, kofia, ncha. Alinielewa vizuri.

"Balete ile ya kufua," akasema. "Mimi nimevalisha Bwera yote nguo ya kufua. Mutu gani alikufa?"

Ilifanyika. Jiwe lilitoka, wakaacha ndani kimrija kidogo cha kupitishia nyongo, wakasema atarudi baadaye kukitoa, na kwa ajili hiyo kifuniko kitaagizwa mapema, kwa namba ya simu ya mama. Baada ya siku chache macho yake yakarudi meupe. Tulirudi Bwera, akala ndizi na maharagwe, akanigombeza kwa namna nilivyopanga meza yake. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu nayo ilikuwapo.

Kisha homa ikaja kwa kishindo. Alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Tulimlaza hospitali ya karibu, wakapima damu, wakakuta kijidudu ambacho dawa moja baada ya nyingine ilishindwa kukigusa. Nilimpigia yule daktari wa mbali. Akasema inawezekana kimetoka kwenye chombo, inawezekana pia kilikuwa tayari kwenye nyongo iliyokaa muda mrefu, na hakuna atakayeweza kuniambia. Baadaye akanijulisha kwamba wamekipima chombo na hawakukuta kitu. Labda ni kweli. Mimi nimebaki na labda hiyo, naamka nayo na kulala nayo.

Katika baridi ile ya homa mama aliomba kofia. Nikamvika, ikamfika nyusini. "Unaona," akaniambia, "ilikuwa na kazi."

Alifariki ikiwa bado kichwani. Wanawake wa jumuiya waliomwosha walitaka kumvua wamfunge kitambaa cheupe, kama inavyopasa Mkatoliki. Nikakataa. Shangazi yangu alisema mtu haendi mbele za Mungu na mtumba kichwani. Nikamjibu kwamba Mungu amemwona na mitumba miaka yote hiyo na hajalalamika. Tukamzika nayo.

Simu yake ninayo mimi. Sikuifunga, maana wateja wa Mahango bado hupiga kuulizia masweta. Wiki kadhaa baada ya mazishi ililia, nikapokea nikidhani ni mteja. Ile sauti ya kambini niliitambua kabla haijamaliza salamu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Wewe ni mtoto ya ule mama ya Bwera? Kofia yake imefika. Kuja naye."

Matusi nilikuwa nayo tayari, ya lugha tatu. Sikutoa hata moja.

"Kofia yake anayo," nikamwambia, nikakata simu.