Shikamoo ya Mama wa Karai

Mama wa karai amefariki. Sikuambiwa na ndugu zake wala sikuona tangazo popote. Aliyeniambia ni kondakta wa basi la Haydom, tena dirishani, injini ikiunguruma, huku akinishushia kifurushi nilichoagiza. "Mwandishi, pole sana. Yule mama yako wa samaki ametutoka. Presha. Anazikwa kesho saa nane." Basi likaondoka, nami nikabaki nimeduwaa barabarani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Misiba nimeizoea. Umri huu unaniletea mmoja karibu kila mwezi, na niseme kweli, siku hizi nachoka hata kulia. Lakini huu umenikaa vibaya, kwa sababu nilimwahidi mama huyu jambo moja, na jambo lenyewe ni hii safu mnayoisoma leo. Nimeichelewesha miaka miwili.

Kwa msiomfahamu, alikuwa anakaanga samaki pale njia panda karibu na ziwa letu dogo, upande wa Hanang. Ziwa silitaji jina. Wenyeji mnalijua, na wageni wenye nyavu sitaki walijue. Wateja wake wakubwa walikuwa watu wanaopeleka wagonjwa hospitali ya Haydom, au wanaokwenda kuwaangalia, wenye uchovu wa safari na hofu ya watakayoyakuta wodini. Basi likisimama, mama anakuwa ameshageuza perege, ameshakata ndimu, pilipili ipo pembeni. Mtu akisema anampelekea mgonjwa, anachaguliwa samaki wa katikati, aliyeiva vizuri, asiye na miiba ya kumsumbua. Anafungiwa kwenye gazeti. Mara nyingi gazeti lenyewe ni hili, na safu yangu nimeikuta pale zaidi ya mara moja ikiwa imelowa mafuta. Nilipolalamika, alicheka mpaka akashika kiuno. "Usinune, baba. Gazeti lenu ni zuri sana. Linanyonya mafuta kuliko yote."

Nilimfahamu kwa sababu ya ndoano. Jumamosi ni siku yangu ya kukaa ukingoni na chambo changu cha minyoo, nikisubiri kambare au perege, na nisipopata kitu, ambayo ndiyo kawaida, nilikuwa napita kwake kununua wa kwenda kumdanganya mke wangu. Alilijua hilo akanitunzia siri. Siku moja nilimkuta na mtaalamu wa samaki, kijana mstaarabu mwenye buti za mpira na fomu mkononi, ametumwa kuuliza hali ya ziwa. Akamwamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama, kwa siku unapata samaki kilo ngapi?" Mama akafuta mikono kwenye khanga. "Kilo sijui, baba. Mzani wangu ni huu hapa," akagonga karai lake kwa kijiko cha kugeuzia. "Nililinunua nikiwa na mimba ya binti yangu. Wakati huo perege watatu wanalijaza, na mkia wa mmoja unabaki nje hauivi. Baadaye wakawa wanaingia sita. Sasa hivi namimina kama maharage." Yule kijana akakagua fomu yake juu mpaka chini kutafuta mahali pa kuandika karai. Hapakuwepo. Akaandika "haijulikani", akaaga, akapanda pikipiki yake.

Nimelifikiria sana neno lile, haijulikani. Ilikuwa inajulikana kabisa. Kila anayeishi kwa kazi ya mikono ana kipimo chake, na kipimo hicho hakimdanganyi. Fundi cherehani anajua njaa imeingia kijijini kwa namna anavyopunguza viuno vya suruali. Mama yule alijua habari za ziwa kabla ya sisi sote, kwa sababu kila asubuhi habari hizo zilipita mikononi mwake, akizitoa magamba. Alijua mwaka ambao makokoro, zile nyavu za kukomba ziwa, yalianza kuburutwa, maana walianza kuletwa samaki waliojaa matope. Alijua vyandarua vya mbu vilipoingia majini, maana waliletwa wadogo kama kidole cha mtoto. Alijua pia mashine za kumwagilia vitunguu zilipoongezeka na maji yakarudi nyuma, kwa sababu wavuvi walianza kufika kwake wamechelewa, wametembea kwenye tope refu. Aliwagomba wote. Wakamwona ni mama mwenye mdomo tu, wakaendelea.

Sasa nifike mahali nisipopapenda. Miaka miwili iliyopita mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano wa hadhara, ajenda moja: ziwa lifungwe mwaka mzima, mtu asitie wavu wala ndoano, samaki wakue. Aliyemsukuma mwenyekiti alikuwa ni mama wa karai. Wiki moja kabla ya mkutano, mimi niliandika kwenye ukurasa huuhuu kwamba kufunga ziwa ni kufunga sufuria ya maskini. Nilimtaja Mungu, nikawataja wajane, nikasema ziwa lililowalisha babu zetu haliwezi kushindwa kutulisha sisi. Ilikuwa safu nzuri jamani, siwezi kukataa. Ilisomeka kama mahubiri. Ambalo sikuandika ni kwamba mwezi uleule nilikuwa nimenunua Arusha fimbo mpya ya kuvulia, ile ya kukunja, yenye gurudumu la kamba, na nilikuwa sijaitumia hata mara tatu. Maskini niliyekuwa namtetea alikuwa mimi na Jumamosi yangu.

Mkutanoni sikwenda. Walionihadithia ni wavuvi wenyewe, wakinipongeza. Walisema mama alisimama, akashika fundo la khanga yake, akasema, "Mnasema tutalala njaa. Ni kweli. Wa kwanza kulala njaa ni mimi, sina shamba la vitunguu, nina karai tu. Lakini fungeni. Mwaka mmoja nitakaanga viazi, sitakufa. Msipofunga, nitakaanga viazi mpaka kufa." Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Ndipo mmoja akatoa simu, akasoma safu yangu yote kwa sauti, maana ilikuwa imeshazunguka kwenye grupu la kijiji. Wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa, hoja ikaanguka. Wavuvi waliniletea mtungo wa perege kunishukuru. Walikuwa wadogo, nikawala hivyohivyo.

Jumamosi iliyofuata nikapita njia panda kama kawaida. Mama alikuwa na wateja watano, sita hivi, wa kwenda Haydom. Aliponiona akaweka kijiko chini, akainuka, akapiga goti kidogo kama msichana wa shule, akasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, mwandishi." Ninyi wa huku mnajua uzito wa jambo hilo. Mama yule alikuwa sawa na dada mkubwa wa mama yangu. Huku kwetu mtoto anayempita mtu mzima bila shikamoo anarudishwa njiani, na mtu mzima hamwamkii mtoto hata kwa utani. Wateja waliacha kutafuna. Nikamsihi, "Mama, tafadhali, usinifanyie hivyo." Akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Nakuamkia kwa sababu wewe ndiye mkubwa hapa. Mimi nimelisemea ziwa hili tangu hujajua kushika ndoano, hawakunisikia. Wewe umesema mara moja, kijiji kizima kimesikia. Sasa mkubwa ni nani?" Kisha akanipa sahani. "Kula, baba, watapoa." Nilikula. Sijui walikuwa na chumvi au hawakuwa nayo.

Tangu siku ile mambo yalikuwa hayohayo. Nikafikiri nitamwahi, nikawa naanza kupiga kelele nikiwa ng'ambo ya barabara, "Shikamoo, mama!" Marahaba hakunipa hata siku moja. Alikuwa anajibu neno moja tu: "Bado." Nilipomwuliza bado nini, alinijibu kama anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Uliharibu kwa kalamu, tengeneza kwa kalamu. Ukiandika ziwa lifungwe, na wakalifunga, nitaitikia." Nikamwambia nitaandika, na nilikuwa na nia kweli. Lakini kumwambia msomaji kwamba wiki fulani nilimdanganya ni kazi ngumu, nikawa naikwepa. Nikaandika juu ya mashimo ya barabara, juu ya bei ya mbolea, juu ya vijana na mpira wa Ulaya. Nilipita hapo kila Jumamosi, kila Jumamosi nikaambiwa bado, na mimi nikaahidi wiki ijayo.

Yeye hakusubiri mtu. Aliwatangazia wavuvi kwamba hanunui samaki asiyefika shibiri moja, akawa anapima kwa mkono wake palepale, mbele ya watu. Wakamcheka, wakapeleka samaki wao kwa wengine. Ikawa siku mbili anapata samaki wa kukaanga, siku tano hapati. Karai likahamia kwenye viazi na maandazi, na wateja wa Haydom wakapungua, maana viazi vinapatikana kila kituo. Dada mwingine akaweka jiko upande wa pili wa barabara, anauza visamaki vile vidogo kwa fungu. Kuna siku nilimkuta mama amekaa, moto umezimika, karai limekauka, anaangalia basi likisimama kwa yule mwenzake. Nikamwuliza kwa nini asilegeze kidogo tu. "Nikikaanga mtoto leo," akasema, "kesho nitakaanga nini?"

Mazishi nilikwenda. Tulikuwa wengi, wavuvi wote walikuwepo, na hao ndio waliochimba kaburi. Mwenyekiti alizungumza, akasema marehemu alitugomba sana na alikuwa na haki ya kutugomba. Tulipomaliza kula wali na maharage, binti yake akanifuata nilipokuwa nanawa mikono. Ni mama wa watoto watatu, lakini kwangu ni mtoto. "Shikamoo," akasema, shikamoo ya kweli, ya adabu. Sikuthubutu kuitikia marahaba. Nikaishia kusema pole. Akaniambia, "Mama alikuwa ananunua gazeti lako kila wiki kwa kondakta." Nikamjibu najua, la kufungia samaki. Akatikisa kichwa. "Hapana. Samaki walipokwisha aliendelea kununua. Kusoma hakujua, ananipa mimi. Ananiuliza, ameandika? Namwambia, mama, wiki hii ameandika mambo ya mpira. Anasema, haya, bado, likunje uweke." Akaniingiza ndani, akanionyesha yalipo, chini ya kitanda, yamepangwa vizuri, hayana tone la mafuta.

Sikuweza kurudi nyumbani siku ile, nikaomba kulala kwa mwenyekiti. Asubuhi nilichukua fimbo yangu ya kukunja, ambayo haitoki kwenye begi langu, nikashuka ziwani, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Baada ya muda kamba ikavutwa, nikatoa perege hata kiganja hajajaza. Nilipokuwa namtoa ndoano akafumbua kinywa, na humo wakatoka vitoto, vidogo kama punje za mtama, vyenye macho, vikanimwagikia mkononi. Mama alinieleza hilo zamani, sikumsikiliza. Perege jike hulea watoto kinywani, na wakubwa wakivuliwa wote wakaisha, wanaobaki wanaanza kuzaa wakiwa bado watoto wenyewe. Nikachuchumaa nikavirudisha majini vyote nilivyoweza, pamoja na mama yao. Vingine vilikuwa vimeshakauka kwenye vidole vyangu. Nikakunja fimbo, na hapo ukingoni nikalia, mimi niliyesema nimechoka kulia.

Shuleni tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hatukuambiwa kuwa mkuu anaweza kuwa mama mwenye karai na khanga iliyoungua pembeni. Sisi wenye kalamu na vipaza sauti tumejipa ukubwa usio wetu. Tunasikilizwa upesi, na mara nyingi kuliko tunavyostahili, kwa mambo ambayo mikono yetu haijayashika. Nilichojifunza ni hiki, na nimejifunza nikiwa nimechelewa: mtu anayeishi kwa kitu akikwambia kitu hicho kipumzishwe, wakati yeye ndiye atakayelala njaa wa kwanza, nyamaza umsikilize.

Mwenyekiti ameniambia ataitisha tena mkutano, ajenda ileile. Kwa hiyo naandika bila kuzunguka: nilikosea, na sababu ilikuwa fimbo ya kuvulia. Lifungeni ziwa mwaka mzima, na wa kwanza kukatazwa niwe mimi na ndoano yangu. Wewe uliyesoma safu ile kwenye simu mbele ya watu, nakuomba usome na hii, kwa sauti ileile. Msihurumie jina langu.

Na wewe, mama yangu, shikamoo. Nimeandika. Ziwa halijafungwa, kwa hiyo jibu lako nalijua, na ni la haki. Bado.