Neti ya Kuanikia Omena

Kila nikifungua pakiti ya neti mpya ya mbu, ile harufu kali ya dawa hunirudisha ufuoni Muhuru Bay. Neti yetu pekee, ya buluu, ilikuwa imetandazwa mchangani, imejaa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mama alisema omena ya kwenye neti hukauka upesi na haina mchanga, na wanunuzi huikimbilia.

Mchana mmoja mhudumu wa afya wa kijiji alikuja nyumbani na begi lake. Alizoea kumtania mama, akimwita binti wa kisiwa alikozaliwa.

"Nyar Rusinga, neti niliyokupa iko wapi? Usiniambie wanaoilalia ni samaki!"

Mama alicheka. "Si umuulize huyu anayelala ndani yake?"

Mhudumu aliniinamia, akaniita mami kama alivyowaita wasichana wote wadogo. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, amelala, pumzi yake ikinipasha shingo joto.

"Mami, neti mmefunga?"

"Ndiyo. Mimi na mtoto tunalala ndani kila siku."

"Vizuri sana." Alitoa neti moja kwenye begi, akaigeuzageuza. "Imebaki hii tu. Nilidhani ningewaachia nyinyi. Basi wacha niipeleke kwa jirani."

Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani.

Mvua ziliposhuka, mdogo wangu alishikwa na malaria, na hakupona. Siku ya mazishi mhudumu alikaa kati yetu, akamshika mama mkono huku analia.

"Na vile huyu mtoto alikuwa analala ndani ya neti," alisema. "Sasa nitawaambia watu nini nikiwagawia neti?"